Bata Sita kwa Siku: Kabla Hujaenda Kuwinda Ugenini

Mwaliko huja kirahisi. Mwenzako wa kazini huko Minnesota anakwambia Jumamosi alfajiri tunakwenda ziwani kupiga bata, bunduki ya ziada ipo, wewe njoo na koti zito tu. Kijana aliyekulia Mabibo, Dar es Salaam, aliyezoea manati kwenye mabonde ya Mto Msimbazi, atakubali kabla hata hajauliza saa ya kuondoka. Kama yupo Marekani kwa viza ya muda, ile bunduki ya ziada inaweza kumfungisha jela, kisha ikamrudisha nyumbani bila shahada aliyoifuata.

Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, pamoja na mwanafunzi mwenye viza ya F-1, kushika bunduki au risasi. Haijalishi kwamba bunduki ni ya rafiki, wala kwamba umeishika asubuhi moja tu. Kuna upenyo: aliye na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo ameruhusiwa. Kwa hiyo leseni hutangulia na bunduki hufuata, na leseni iliyoisha muda ni sawa na kutokuwa nayo. Mwenye grinikadi hakatazwi na kifungu hiki, ingawa naye atahitaji leseni ya kuwindia. Lakini ndugu ambaye muda wake wa kukaa umepita, au aliyeingia bila karatasi, hana upenyo wowote, na leseni haimkingi. Tangu 2022 adhabu ya kosa hili inaweza kufika miaka 15, na makosa ya silaha ni miongoni mwa yale yanayomfukuzisha mgeni nchini. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu wenyeji wanaotualika kwa moyo mweupe mara nyingi hawalijui. Wao halijawahi kuwahusu.

Karatasi zikishakaa sawa, majimbo mengi yatakudai kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya kukupa leseni. Minnesota inaidai kwa kila aliyezaliwa baada ya 1979. Juu ya leseni, kila mwenye miaka 16 au zaidi hununua stempu ya bata ya serikali kuu, ambayo ilianza 1934 na sasa ni dola 25. Ukichukua ya karatasi, isaini kwa wino usoni pake, isiyosainiwa haihesabiki. Unajiandikisha pia kwenye mpango wa kitaifa unaokusanya taarifa za ndege wanaowindwa, na baadhi ya majimbo yana stempu yao wenyewe.

Sasa idadi. Kwenye njia ya ndege wahamao ya Mississippi, inayojumuisha Minnesota, kikomo ni bata 6 kwa mtu kwa siku. Ndani ya hao 6, bata wa kichwa cha kijani wanaoitwa maladi wasizidi 4, na majike yao wasizidi 2. Aina nyingine zina vikomo vyao vidogo zaidi, na hivyo hubadilika msimu hadi msimu, kwa hiyo kijitabu cha mwaka jana usikiamini. Mwindaji anatakiwa amtambue ndege akiwa bado angani, kwenye mwanga hafifu. Mgeni asiyejua kutofautisha jike na dume afanye jambo moja la busara: asifyatue mpaka mwenyeji amwambie ni ndege gani. Pale sokoni Mahakama ya Ndizi, Mabibo, mwenye fedha na gari hubeba mikungu kadiri awezavyo. Bata hawaendi hivyo. Tajiri mwenye boti na shamba lake ana 6, na mwanafunzi aliyeazimwa viatu ana 6. Wala humpigii mwenzako aliyekosa shabaha. Kila mtu na fungu lake, lisichanganywe na la mwingine. Uliyemjeruhi lazima ufanye juhudi kumtafuta, na ukimpata anahesabiwa.

Wengi hunaswa baada ya kutoka majini, kwa sababu kikomo cha pili hufuata hadi kwenye friji. Kwa bata, unachoruhusiwa kuwa nacho kwa jumla ni mara tatu ya kikomo cha siku, yaani 18 pale ambapo kikomo ni 6. Siku ya kwanza ya msimu huwezi kuwa na zaidi ya kile cha siku. Ukimwachia mtu ndege wako akusafirishie au akuhifadhie, wafunge kikaratasi chenye jina lako, anwani, sahihi, idadi, aina na tarehe waliyopigwa. Njiani, kila ndege abaki na kichwa au bawa moja lenye manyoya yake mpaka ufike nyumbani, ili askari wa wanyamapori aweze kumtambua. Kumpa jirani zawadi ni ruhusa, ila wanahesabika kwake. Kuuza ni marufuku kabisa. Hili nalitilia mkazo kwa jumuiya zetu zinazopika kuchangisha fedha za msiba au harusi: sahani ya pilau ya bata mwitu iliyotiwa bei ni biashara ya ndege wahamao, na hilo ni kosa la jinai.

Ukali huu una historia. Karne ya 19 ndege wa Marekani waliuzwa sokoni kwa mapipa, na njiwa mhamaji, aliyekuwa kwa mabilioni, aliisha; wa mwisho alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Mkataba na Uingereza kwa niaba ya Kanada ukatiwa saini 1916, na sheria ya ndege wahamao ikafuata 1918. Tangu 1955 Marekani na Kanada hurusha eropleni karibu kila majira ya kuchipua kuhesabu bata kutoka angani, na vikomo hupangwa kwa kutazama hesabu hizo. Marisau ya madini ya risasi nayo yalipigwa marufuku kwa ndege wa maji mwaka 1991, kwa sababu bata huyameza wakitafuta chakula kwenye tope na kufa kwa sumu. Tumia ya chuma, na bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu kwa mkupuo.

Kuvuka kwenda Kanada ni safari nyingine kabisa. Mtanzania mwenye viza ya Marekani bado anahitaji viza ya Kanada. Bunduki hutangazwa mpakani kwa fomu inayolipiwa dola 25 za Kanada na kudumu siku 60. Kisha kuna kibali cha ndege wahamao cha serikali kuu na leseni ya mkoa. Mwenye viza ya muda asivuke na bunduki, kwani wakati wa kurudi atadaiwa kibali cha kuiingiza Marekani upya. Tangu mafua ya ndege yasambae mwaka 2022, masharti ya kurudi na ndege yamekuwa yakibadilika, hivyo uliza wiki hiyohiyo unayosafiri.

Walioko Uingereza wana hali tofauti. Sheria yao ya wanyamapori ya 1981 inataja aina na msimu, Septemba 1 hadi Januari 31, au Februari 20 kwenye fukwe za bahari zinazofunikwa na maji, lakini haiweki idadi kwa siku. Idadi huwekwa na vilabu na wenye ardhi. Uskoti hawawindi ndege wa maji Jumapili wala Krismasi.

Na wale wanaosema watawinda wakija likizo Tanzania, kwenye mabonde ya Ruvu au Malagarasi? Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na ndege wamo. Hakuna kuwinda bila leseni, na hifadhi za taifa haziguswi. Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo aliyechukua pasipoti ya nchi nyingine haji kama mwenyeji. Njia yake ni ya uwindaji wa kitalii, kupitia kampuni na mwindaji bingwa aliyesajiliwa. Bata wenye mkia uliochongoka hukimbia baridi ya Ulaya na Asia na kufika mpaka maziwa yetu, ndiyo sababu Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa ndege wa maji wa Afrika na Ulasia wa 1995. Kabla ya kukata tiketi, waulize Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Bunduki usiifungashe kwenye sanduku kwa kubahatisha: kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kibali chake hupatikana kabla ya safari.