Kiporo si Makombo: Kupanga Chakula cha Juma Zima kwa Fedha Kidogo

Katika ukurasa huu huzoea kuzungumzia sarufi, fasihi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunaingia jikoni, na tuna sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wengi hapa Kampala hupata fedha za matumizi mara moja au mbili tu kwa muhula. Wiki za mwanzo hula vizuri, na wiki za mwisho, ambazo ndizo za mitihani, hushindia chai na chapati moja. Mwanafunzi mwenye njaa hasomi wala hafundishiki. Pili, jikoni kuna msamiati ambao vitabu vyetu vya kiada huupita haraka, nao ukieleweka vizuri unaweza kumwokolea mtu fedha na hata afya.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watu wanne wanaochangia chumba wanavyoweza kupanga chakula cha jioni cha siku saba kwa kutumia vyakula vikavu, viporo na friza ndogo.

MANENO MATATU YANAYOCHANGANYWA

Wanafunzi wengi hutumia maneno kiporo, makombo na ukoko kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo.

Kiporo ni chakula kilichopikwa, kikabaki, kikalala, kikaliwa siku inayofuata. Wengine hukiita mwiku, hasa kinapoliwa asubuhi. Kwa Waswahili, kiporo cha wali au cha viazi kwa chai ya asubuhi ni chakula cha heshima. Waganda nao wana amawolu, neno linalokaribiana sana na kiporo. Neno hili limetoka jikoni likafika hata viwanjani: magazeti ya michezo ya Tanzania huita mechi iliyoahirishwa "mechi ya kiporo", yaani imewekwa, italiwa baadaye.

Makombo ni masalio ya chakula baada ya watu kula, yaani yale yaliyokwisha kuguswa sahanini. Kumwandalia mtu makombo ni kumdharau.

Ukoko ni chakula kilichoganda chini ya sufuria, kama ule wa wali ambao watoto huugombania.

Tofauti ya kiporo na makombo ndiyo msingi wa makala haya. Kiporo hutengwa kabla ya kula, kwa mwiko safi, kikiwa bado sufuriani. Makombo hubaki baada ya kula, yakiwa yameguswa na mikono na vijiko. Mpishi anayepanga hutenga kiporo. Mpishi asiyepanga huachiwa makombo, ambayo mara nyingi huishia jalalani, na fedha zake huenda pamoja nayo.

ANZA NA GHALA, USIANZE NA SOKO

Kosa la kawaida ni kwenda sokoni Kalerwe au Wandegeya kila jioni na kununua kile ambacho macho yameona. Anayenunua kidogo kidogo kila siku hulipa zaidi kwa kila kilo, na hulipa pia mkaa wa kupika upya kila siku. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufungua makopo na mifuko uliyo nayo, uandike kilichomo. Hatua ya pili ni kuandika ratiba ya siku saba kwa kufuata kilichomo. Sokoni huendwa mwisho, kununua kinachopungua tu.

Kwa watu wanne, ghala la juma moja laweza kuwa hivi:

- maharagwe makavu, kilo moja na nusu
- unga wa mahindi, kilo 2 (posho jioni mbili, unaobaki ni wa uji)
- mchele, nusu kilo
- unga wa ngano, nusu kilo
- karanga za kusaga, nusu kilo
- mukene wakavu, robo kilo
- mafuta, chumvi, vitunguu na nyanya

Vitu vibichi ni matoke ya kutosha mapishi mawili, viazi vitamu kilo 2, kabichi moja, na mafungu ya dodo au nakati.

Hapa mwalimu asimame kidogo. Mukene wa Uganda ndio dagaa wa Tanzania na omena wa Kenya, yaani samaki yule yule mdogo wa ziwa lile lile. Ama posho, mwanafunzi wetu ajihadhari nayo. Hapa kwetu ni ugali. Lakini huko Dar es Salaam, posho ni fedha anayolipwa mtu kwa safari au kikao. Mgeni anayeingia hotelini na kuagiza posho na maharagwe atashangaza watu.

Katika kununua, kagua karanga na mahindi. Vikiwa na ukungu, vimesinyaa au vina ladha chungu, viache hata kama bei ni ya chini. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayodhuru ini na isiyoondoka kwa upishi wa kawaida.

PIKA MARA MOJA, KULA MARA TANO

Nguzo ya mpango huu ni maharagwe. Yana bei nafuu, yanashibisha, na yakiliwa pamoja na mahindi au mchele protini yake hukamilika, kwa sababu kila kimoja hujaza pengo la mwenzake. Tatizo lake ni mkaa, kwani huchukua muda mrefu kuiva. Dawa yake ni kuyapika yote siku moja.

Jumamosi usiku yachambue, yaoshe, yaloweke. Jumapili mwaga maji hayo, weka mengine, uyachemshe kwa moto mkali. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjika yakitokota kwa nguvu angalau dakika 10. Moto hafifu peke yake hautoshi. Baada ya hapo punguza moto, yaive polepole.

Kilo moja na nusu ya maharagwe makavu hutoa takriban kilo tatu na robo tatu yakiiva. Yagawe mafungu matano. Fungu moja litaliwa jioni hiyo, mawili yaingie kwenye friji, mawili yaingie kwenye friza. Usiyaunge yote kwa nyanya na vitunguu. Yakiwa yamechemshwa tu, kila siku unaweza kuyapa ladha nyingine, na watu wasilalamike kwamba wamechoka na maharagwe.

RATIBA YENYEWE

Jumapili: Matoke na maharagwe yaliyoungwa kwa nyanya (fungu la kwanza).

Jumatatu: Posho na mukene katika mchuzi wa karanga. Mchuzi upikwe wa siku mbili, na nusu yake itengwe kabla ya kula, ipoe, iingie kwenye friza.

Jumanne: Wali, maharagwe (fungu la pili) na dodo. Jioni hii mchele wote upikwe na uishe, sababu tutaieleza.

Jumatano: Katogo ya matoke na maharagwe (fungu la tatu). Matoke yasivuke siku hii, maana yataanza kuiva.

Alhamisi: Posho, kabichi na maharagwe (fungu la nne, kutoka kwenye friza).

Ijumaa: Viazi vitamu na ule mchuzi wa karanga uliogandishwa Jumatatu. Chemsha viazi vyote. Vinavyobaki vitakuwa kiporo cha Jumamosi asubuhi.

Jumamosi: Chapati na maharagwe (fungu la tano), mlo ambao vijana wa Kampala huuita kikomando. Mboga zote zilizobaki zikatwekatwe humo humo, jokofu libaki tupu kwa ajili ya juma jipya.

Ukitazama vizuri utaona kwamba katika jioni saba, maharagwe yamechemshwa mara moja na mchuzi wa karanga umepikwa mara moja. Siku za katikati ya juma, ambazo zina vipindi na kazi za kuandika, mpishi ana kazi ya kupasha moto na kupika posho au wali tu. Kilichookolewa si fedha peke yake, bali hata muda.

Ndizi mbivu zilizolegea nazo zisitupwe. Zipondwe, zichanganywe na unga wa muhogo, zikaangwe: hizo ni kabalagala.

AKIBA YA CHAKULA HUOZA

Methali yetu husema akiba haiozi. Kwa fedha ni kweli. Akiba ya chakula huoza, tena wakati mwingine huharibika bila kunuka wala kubadilika rangi. Anayetaka kuokoa fedha kwa viporo kisha akaugua tumbo siku ya mtihani hajaokoa chochote. Kwa hiyo kanuni zifuatazo zisirukwe.

Kwanza, chakula kilichoiva kisikae mezani au jikoni zaidi ya saa mbili. Vijidudu huzaliana upesi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na joto la chumba chetu liko katikati kabisa ya eneo hilo. Ili kipoe haraka, kigawe katika vyombo vipana na vya kina kifupi. Sufuria kubwa ikifunikwa hukaa na uvuguvugu usiku kucha.

Pili, wali una hatari yake ya pekee. Mchele huwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala nje, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto hadi ukatoa mvuke. Kwa hiyo kiporo cha wali kiingie kwenye friji ndani ya saa moja hivi, kiliwe kesho yake. Kama huna friji, pika wali unaotosha tu. Ndiyo maana katika ratiba yetu wali hauachwi ubaki.

Tatu, friza haiui vijidudu, huvilaza tu. Ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, chakula hukaa miezi bila kuharibika. Lakini kikiyeyuka, vijidudu huendelea pale vilipoishia. Chakula kiyeyushwe ndani ya friji tangu usiku uliotangulia, kisha kichemke sawasawa. Kilichokwisha kupashwa moto kisirudishwe kwenye friza.

Nne, usijaze kopo hadi mdomoni. Maji hutanuka yakiganda, na kopo litapasuka. Bandika karatasi yenye jina la chakula na tarehe, kwa sababu baada ya kuganda mchuzi wote hufanana.

Tano, fahamu kinachofaa kugandishwa. Maharagwe, mchuzi, nyanya za kupikia, chapati na muhogo uliomenywa huganda vizuri. Viazi mviringo vibichi na kabichi ya kachumbari huharibika, vikawa vya majimaji.

UMEME UKIKATIKA

Hili ni jambo la kawaida kwetu, na halina haja ya kututia hofu. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hutunza baridi yake kwa saa 48 hivi. Ikiwa nusu, saa 24. Friji hustahimili saa 4 tu. Kwa hiyo umeme ukikatika, mlango ufungwe na usifunguliwe kwa kuchungulia. Kama nafasi ipo, jaza pengo la friza kwa chupa za maji yaliyoganda.

Unaposafiri kwenda nyumbani, gandisha maji katika kikombe, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, jua kwamba friza iliyeyuka ulipokuwa hayupo mtu, hata kama kila kitu kimeganda tena. Chakula hicho usikile.

Asiye na friza asikate tamaa. Friza yake ni ghala kavu: maharagwe makavu, mukene, karanga na unga havihitaji umeme, vinahitaji chombo kikavu chenye kifuniko. Huyu apike kwa siku moja moja, aloweke maharagwe ili yapunguze mkaa, na ikiwezekana achangie jokofu na jirani wa hosteli kwa makubaliano yanayoeleweka, kila mmoja na rafu yake.

KWA WALIMU: ZOEZI LA DARASANI

Ratiba hii yaweza kuwa somo zuri kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili.

1. Wanafunzi katika vikundi vya watu wanne waandike ratiba yao ya juma kwa wakati ujao: tutapika, tutatenga, tutagandisha.

2. Waandike kanuni tano za kutunza kiporo kwa kutumia hali ya kuamrisha na kukanusha: kigawe, usikifunike, kisirudishwe. Waangalie upatanisho wa kisarufi: kiporo kimelala, viporo vimelala, makombo yametupwa, ukoko umeganda.

3. Kila mmoja alete neno la lugha yake ya nyumbani lenye maana ya kiporo, aeleze kama lina heshima au dharau. Mjadala huu utaonyesha kwamba tafsiri ya neno moja hubeba pia mtazamo wa watu juu ya chakula.

4. Mwisho, kikundi kiijaribu ratiba yake kwa juma moja na kuandika matumizi yote. Ripoti iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili sanifu, na ioneshe kiasi kilichotumika, kilichobaki, na kilichotupwa. Kikundi kisichotupa kitu ndicho kitakachoanza kusoma ripoti yake darasani.