Unataka Takometa kwa Ndai Yako? Jua Waya Inaenda Wapi Kabla Uchome Kompyuta

Wasee wengi wakipata gari ya kwanza, hasa ile ya manual ilikuja bila RPM kwa dashibodi, kitu wanatafuta mapema ni takometa ya kuongeza. Inakaa poa usiku, hatukatai. Lakini kazi yake ni kukuambia injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, ndio ujue wakati wa kubadilisha gia na usiikanyage hadi ikufie.

Shida ni kwamba ukiunga waya vibaya, unaweza kujipata ukitafuta kompyuta ya gari Kirinyaga Road. Hiyo si doh ya kuchezea.

Inajuaje spidi ya injini?

Kwa petroli, takometa inahesabu cheche. Injini ya silinda 4 inapiga cheche 2 kila mzunguko. Ikiwa 3,000 RPM, hizo ni 6,000 kwa dakika, yaani 100 kila sekunde.

Ndio maana takometa nyingi ziko na swichi ndogo ya 4, 6 na 8. Ukiiacha kwa 8 na gari yako ni ya silinda 4, injini ikigonga 6,000 mshale utasoma 3,000. Utadhani umetulia, kumbe unaiua.

Waya ziko nne

Rangi hubadilika kulingana na kampuni, so soma ile karatasi imekuja nayo. Lakini mara nyingi ni hivi:

- Nyeusi: inafungwa kwa bodi ya gari, mahali chuma iko wazi bila rangi.
- Nyekundu: volti 12 zinazokuja tu ukiwasha ufunguo. Ukiunga moja kwa moja kwa betri, itakunywa moto usiku kucha. Weka fyuzi ndogo.
- Nyeupe: taa. Iunge na waya ya taa za dashibodi.
- Kijani: signal. Hapa ndio wasee huchomea.

Signal inatoka wapi?

Gari ya zamani yenye koili moja, signal iko upande wa negative wa hiyo koili. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zimerahisisha kazi: fungua boneti, tafuta kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, ndani kuna pini inaitwa IG-. Signal ndio hiyo.

Kama kila plagi ina koili yake juu, usichukue signal kwa koili moja. Hiyo inapiga mara moja tu kila mizunguko miwili, so hesabu itatoka ovyo. Tafuta waya ya takometa inayotoka kwa kompyuta, ama ununue adapta. Dizeli nayo haina cheche kabisa. Inataka takometa yake, na nyingi husoma kutoka kwa alternator.

Na usiwahi, narudia, usiwahi kuunga waya ya signal kwa waya nene ya plagi. Huko kuna maelfu ya volti.

Siku ya kazi

Toa terminal ya negative ya betri kwanza. Pitisha waya kwa tundu lenye mpira, kwa sababu chuma itazikata polepole hadi zipige shoti. Usiguse waya za airbag, mara nyingi ziko ndani ya kava ya manjano.

Ukimaliza, washa na uache injini ipate moto. Gari nyingi za petroli hutulia kati ya 600 na 900 RPM. Ukiona nusu ya hiyo ama mara mbili, rudi kwa ile swichi ya silinda. Kama una kale kamashine ka OBD ka kuunga na simu, linganisha namba.

Huna uhakika na waya ya kijani? Lipa fundi wa waya aishike na mita. Hiyo ni cheap kuliko kompyuta.