Mkono wa Mzazi na Bandama ya Mtoto

Mtoto mwenye selimundu huishi na maradhi yake usiku na mchana, ilhali daktari humwona kwa saa chache tu katika mwaka. Je, mzazi akaaye Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, atajifunza kwa nani ulezi wa siku zote zilizobaki?

Selimundu hurithiwa. Kwa kawaida baba na mama hubeba jeni yake bila kuumwa wala kujua, na kila mimba yao ina uwezekano wa robo moja wa kuleta mtoto mgonjwa. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mtu mzima wa afya huishi siku 120 hivi, kwa mgonjwa hujipinda mfano wa mundu na kufa baada ya siku 10 hadi 20. Nchini Tanzania inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

Hatari mojawapo huja ghafla: damu hunaswa ndani ya bandama, nayo huvimba chini ya mbavu za kushoto. Mtoto hupauka na kulegea, na aweza kufa kwa saa chache asipoongezwa damu. Huko Jamaika wazazi walifundishwa kuipapasa bandama. Taarifa ya mwaka 1985 ilionyesha kuwa matukio yaliyotambuliwa yaliongezeka, lakini vifo katika kila matukio 100 vilipungua kutoka 29 hivi hadi 3.

Ustadi wa namna hii haupatikani kwa maneno matupu. Mzazi aliyemlea mgonjwa kwa miaka mingi, naye akafunzwa na muuguzi, aweza kuuongoza mkono wa mzazi mgeni hadi autambue ukubwa wa kawaida wa bandama ya mwanawe. Atamkumbusha pia maji ya kunywa, chandarua, na kwamba homa haingoji kesho. Hata hivyo haimpasi kugawa dawa wala kubashiri, kwa kuwa watoto hawafanani. Akiona dalili ya hatari, kazi yake ni kuhimiza safari ya hospitali.

Mwalimu wa biolojia naye ana sehemu yake. Wanafunzi na warushe sarafu mbili mara 100, wahesabu ni mara ngapi zote mbili huangukia upande wa kichwa. Wakikaribia robo, watakuwa wameelewa kwa nini si haki kumlaumu mama peke yake.