Uvimbe wa taya uliofichua siri za saratani

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa katika wodi ya watoto ya Hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya. Uvimbe haukuwa wa upande mmoja kama wa jino bovu. Ulikuwa kulia na kushoto, juu na chini, na meno yalikuwa yamelegea. Burkitt hakuelewa alichokiona. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipompima akamkuta na uvimbe tumboni pia. Akaanza kufukua majalada ya hospitali na kugundua kwamba wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wengi, ila kila daktari alikuwa ameuandika ugonjwa kwa jina tofauti. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake, na ugonjwa huo leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Uvimbe huo una kasi ya kutisha. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, kiasi kwamba mtoto aliyekuwa akicheza mwanzoni mwa mwezi anaweza kushindwa kufunga mdomo mwezi haujaisha. Saratani nyingi za watu wazima hazina haraka hiyo. Huchukua miaka mingi, aghalabu miongo, kabla hazijaonekana. Kwa hiyo swali ambalo wanasayansi walijiuliza kuhusu watoto wa Uganda lilikuwa pana kuliko Uganda: ni nini huzuia seli zetu zote zisifanye hivyo?

Mtu mzima ana seli zipatazo trilioni 30. Zile za ngozi, za utumbo na za uboho wa mifupa hugawanyika kila siku kufidia zinazokufa. Nyingi za ubongo zimekwisha kuacha kazi hiyo. Seli inayotaka kugawanyika hukua kwanza, huku ikisikiliza jirani zake: je, kuna ishara ya kuitaka iendelee? Chakula kipo? Kisha hunakili DNA yake yote, yapata herufi bilioni sita. Hupumzika kidogo, hukagua nakala, halafu huzivuta kromosomu zake pande mbili na kujikata katikati, kila upande ukiwa na kromosomu 46. Kwa seli za binadamu zinazokuzwa maabara, mzunguko mzima huchukua kama saa 24, na kule kujikata kwenyewe hakuzidi sana saa moja.

Lori la mizigo litokalo Dar es Salaam kwenda Tunduma halifiki bila kupita mizani ya Vigwaza, ya Mikese na nyingine huko mbele, na popote linaweza kuzuiwa. Seli nayo ina mizani zake. Mizani ya kwanza iko kabla ya kunakili DNA, ya pili kabla ya kuanza kujigawa, na ya tatu ni pale kromosomu zinapokuwa zimejipanga katikati zikisubiri kuvutwa. Hata kromosomu moja ikiwa haijashikwa sawasawa, zote hungoja.

Kibali cha kuvuka hutolewa na protini mbili zinazofanya kazi pamoja. Moja ni kimeng'enya kiitwacho CDK, ambacho kipo wakati wote lakini peke yake hakifanyi lolote. Ya pili ni saiklini, ambayo hutengenezwa kidogo kidogo mpaka ikatosha kukiamsha kimeng'enya, kisha huharibiwa ghafla. Kupanda na kuanguka huko kwa saiklini ndiko kunakoipa seli zamu zake. Mwingereza Tim Hunt alikuona mwaka 1982 huko Woods Hole, Marekani, alipokuwa akichunguza mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, yule ambaye wavuvi wetu humkwepa wasimkanyage.

Mwenzake Paul Nurse alitumia hamira. Si hamira yoyote: ni aina iliyotengwa mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya kienyeji ya Afrika Mashariki, na jina lake la kisayansi mpaka leo linaishia na neno pombe. Nurse alipata hamira iliyoharibika jeni ya CDK, isiyoweza kugawanyika. Mwaka 1987 kundi lake liliipandikizia hamira hiyo jeni za binadamu, na moja kati ya hizo ikaifanya igawanyike tena. Binadamu na hamira tumetengana kwa zaidi ya miaka bilioni moja, lakini kibali cha kujigawa ni kilekile. Mwaka 2001 Hunt, Nurse na Mmarekani Leland Hartwell walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Na seli ikikutwa na kasoro? Hapo ndipo inapoingia protini p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. DNA ikikatika, p53 hurundikana ndani ya seli na kusimamisha mzunguko ili mafundi wa ndani wakarabati. Kasoro ikizidi, p53 huiamuru seli ijiue. Kifo hicho ni cha utaratibu: seli hujikunyata, hujikatakata vipande, nazo seli jirani huvila. Kwa namna hiyo seli nyingi ambazo zingeweza kuwa saratani hufa bila mwenyewe kujua. Binadamu ana jozi moja tu ya jeni ya p53. Tembo wa Afrika ana nakala zipatazo 20, na watafiti wengi wanaamini hiyo ni sababu mojawapo ya mnyama mkubwa hivyo kupatwa na saratani kwa nadra.

Turudi sasa kwenye taya la yule mtoto. Limfoma ya Burkitt huanzia kwenye seli B, zile seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Mwaka 1972 watafiti waliokuwa Sweden waliona kwamba kromosomu ya 14 katika seli za uvimbe huo ilikuwa na kipande kisicho chake. Miaka minne baadaye ikajulikana kipande kinatoka kromosomu ya 8. Kilichobebwa ndani yake kilifahamika mwaka 1982: jeni iitwayo MYC.

Katika seli yenye afya, MYC huwashwa kwa muda mfupi ishara ya kugawanyika inapofika, ikaamsha mamia ya jeni nyingine, saiklini zikaongezeka, kisha ikazimwa. Lakini kromosomu zikikatika na kuungwa vibaya, MYC hujikuta karibu kabisa na swichi ya jeni za kingamwili. Na katika seli B swichi hiyo haizimwi, kwa kuwa kutengeneza kingamwili ndiyo kazi ya seli hiyo. Jeni yenyewe haikupotea wala haikuhitaji kubadilika hata herufi moja ili ilete balaa. Imehama mtaa tu, na amri ya kugawanyika ikawa haikomi usiku na mchana.

Mtu angetosheka hapo na kusema chanzo kimepatikana. Hata hivyo, MYC ikizidi huiamsha p53, na p53 huiua seli. Kosa moja, basi, halitoshi, na hapa ndipo ugonjwa huu ulipogeuka kuwa darasa.

Burkitt mwenyewe alikwisha kuhisi kwamba kuna jambo la mazingira. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari la Ford kuukuu wakasafiri yapata kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita hospitali kwa hospitali wakionyesha picha na kuuliza: mmewahi kuona mtoto kama huyu? Majibu yalichora mkanda. Uvimbe ulikuwepo mahali penye joto na mvua, ukapotea kwenye nyanda za juu. Katika Unguja na Pemba, ambako kampeni kubwa ya kupambana na malaria ilikuwa ikiendelea, haukuonekana sana. Kwa maneno mengine, ramani ya uvimbe ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi, ambaye alitoka pale akiwa amekwisha kuamua kwamba anatafuta kirusi. Kwa zaidi ya miaka miwili alipokea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala bila kupata kitu. Desemba 1963 ukungu ukaizuia ndege kutua London, ikapelekwa Manchester, na kipande kikachelewa kufika. Maji yake yalikuwa yamechafuka. Epstein angeweza kuyamwaga akidhani bakteria wameingia, lakini aliyatazama kwa darubini akakuta seli za uvimbe zilizo hai, zikielea. Seli hizo zilikubali kukuzwa maabara, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Ndicho kirusi cha kwanza kufahamika kuhusishwa na saratani ya binadamu, na kinaitwa Epstein-Barr. Achong, aliyefanya kazi ya darubini ya elektroni, jina lake likaachwa nje. Mimi naona hakutendewa haki.

Kirusi hicho huenea kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Katika sehemu nyingi za Afrika watoto hukipata kabla ya kutimiza miaka mitatu. Karibu wote hawaugui saratani yoyote. Kazi yake katika mkasa huu ni kujificha ndani ya seli B na kuzisaidia zisife pale ambapo zingepaswa kufa.

Malaria ndiyo inayokamilisha. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara huwa na seli B zinazochochewa bila kupumzika. Seli hizo, zinapojinoa kutengeneza kingamwili bora, hutumia kimeng'enya kinachokata na kubadilisha DNA ya jeni za kingamwili kwa makusudi. Ni kazi halali, ila ya hatari: mkato ukikosea njia, kromosomu ya 8 inaweza kuunganishwa na ya 14. Tena malaria hudhoofisha zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kukidhibiti kirusi. Kwa hiyo seli zinazogawanyika zinaongezeka, mikato ya DNA inaongezeka, na seli zenye kasoro zinazonusurika nazo zinaongezeka. Kilichobaki ni bahati mbaya. Katika vimbe nyingi za aina hii jeni ya p53 yenyewe hukutwa imeharibika, yaani ulinzi wa mwisho nao umevunjwa.

Kati ya mwaka 1977 na 1982, Mara Kaskazini nchini Tanzania, watafiti waliwapa watoto wa chini ya miaka 10 dawa ya klorokwini wapime kama kupunguza malaria kutapunguza uvimbe. Wagonjwa walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa, na vimelea vikaanza kuizoea klorokwini. Jaribio halikutoa jibu safi. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja baadaye, kupitia njia nyingine.

Nimeeleza mkasa huu kwa urefu kwa sababu bado tunaambiwa, mitaani na hata redioni, kwamba saratani ina sababu moja: sukari, simu, laana, au jirani mbaya. Saratani ni seli yako mwenyewe iliyopita mizani moja baada ya nyingine bila kuzuiwa. Ndiyo maana huongezeka na umri, kwa kuwa kila mgawanyiko huleta nafasi ya kosa jipya. Ndiyo maana pia wavutaji sigara hawaugui wote, ingawa moshi huongeza makosa kwenye DNA ya kila mmoja wao. Na ndiyo maana kuziba njia moja tu kunaweza kuokoa wengi. Kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, hutengeneza protini inayosababisha p53 iharibiwe na nyingine inayolemaza mizani ya kwanza. Chanjo yake hukizuia kabla hakijagusa seli. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019.

Kwa limfoma ya Burkitt chanjo bado hatuna. Tuna dawa. Dawa nyingi za saratani huua seli pale zinapojigawa, na uvimbe unaojigawa kila siku hauna pa kujificha. Burkitt aliona katika miaka ya 1960 uvimbe mkubwa ukiyeyuka ndani ya siku chache kwa dozi ndogo, na baadhi ya watoto wakapona moja kwa moja. Mwaka 1967 kituo kilichoanzishwa Kampala kwa ajili ya ugonjwa huu kikawa mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Leo Ulaya na Marekani, watoto zaidi ya tisa kati ya kumi hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu zinajulikana: mtoto hufikishwa amechelewa, dawa hukosekana, au nauli huisha familia ikarudi nyumbani katikati ya matibabu.

Ugonjwa huu hupata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na saba, wavulana kuliko wasichana. Mtoto akivimba taya au tumbo na uvimbe ukakua ndani ya siku au wiki, meno yakalegea bila sababu, au jicho likaanza kutokeza, msimpeleke kung'olewa jino na kusubiri. Mpelekeni hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo, mwombe akatwe kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe, na matibabu yakianza msiyakatishe hata kama uvimbe umekwisha kunywea.