Mkazo wa beringi haubahatishwi

Land Rover ya zamani ikivuma mteremkoni ukiachia mafuta, kisha ikanyamaza ukikanyaga, usikimbilie kulaumu meno ya difu. Mara nyingi pinioni, gia ndogo inayozungusha kraunwili ndani ya difu, inacheza. Ukikanyaga mafuta meno huisukuma upande mmoja; ukiachia, huivuta upande wa pili. Beringi zikiwa na mwanya, hata mwembamba kama unywele, pinioni husogea na meno huumana mahali pasipo pake.

Ndiyo maana beringi za koni, aina ambayo Henry Timken aliipatia hataza Marekani mwaka 1898, haziishii kuondolewa mwanya tu. Huongezewa mkazo kidogo kabla gari halijabeba chochote. Hapo ndipo difu nyingi huuawa. Nimeona nati ya pinioni ikikazwa kwa spana iliyochomekwa bomba refu, na gari likarudi gereji beringi zimegeuka buluu kwa joto. Iliniuma, kwa sababu kupima mkazo huo hakuhitaji mtambo.

Paka beringi mafuta. Funga pinioni peke yake, bila kraunwili na bila sili, maana sili nayo hukaza. Izungushe mara kadhaa rola zikae. Kisha zungushia uzi kwenye flanji na uuvute kwa mizani ya ndoano, ile ile ya wauza samaki. Soma kilo pinioni ikiwa inazunguka taratibu, si pale inapoanza kutoka. Tuseme kitabu cha gari kinataka Nm 2, na uzi uko sentimita 5 kutoka katikati: mizani isome kilo 4 na ushee. Beringi zilizokwisha kutembea hupewa pungufu, mara nyingi kama nusu ya mpya.

Difu nyingine zina bushi inayojikunja nati inapokazwa. Ukiipitiliza, kulegeza nati hakusaidii. Itupe, uweke mpya. Land Rover za Series zina huruma zaidi, kwani mkazo wake hupangwa kwa shimu kati ya beringi mbili. Imekaza mno, ongeza shimu; imelegea, punguza.

Fundi mmoja mzee nilimtazama akifungua pinioni moja mara nne asubuhi nzima, akibadilisha shimu nyembamba kama karatasi. Mwenye gari alishaanza kunung'unika. Mzee akafunga tena, akavuta uzi, akasoma mizani, ndipo akaomba aletewe sili.