Fahamu: Sura ya mtoto mtandaoni ni ya nani?

Mtoto wa Namoruputh, Turkana, anaweza kujulikana TikTok kabla hajamiliki simu. Mgeni hupita akielekea mpaka wa Uganda, hurekodi shanga na ngamia, kisha huyo, ametokomea. Tangu hapo, watu wasiowahi kufika Lodwar ndio huamua Mturkana halisi afananeje. Jezi ya Arsenal ya mtoto huyo haiwavutii.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, ikiwemo picha yake. Si maneno matupu: mwaka 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Sheria hiyohiyo inadai pia maslahi ya mtoto yalindwe, na hapo huenda hata mzazi anayepakia picha za mwanawe kila siku hajasalimika.