Kumtumikia Mungu kwa Moyo Mzima: Mafunzo kutoka Bukoba na Muleba

Ibada ya Jumapili inapokwisha katika sharika nyingi za Kilutheri mkoani Kagera, waumini hawatawanyiki upesi. Husimama nje ya kanisa kushiriki mnada wa sadaka. Asiyekuwa na fedha ameleta mkungu wa ndizi, mwingine kuku, mwingine maharage au kahawa. Vitu hivyo hunadiwa, na fedha zinazopatikana huingia katika hazina ya usharika. Katika nchi ya migomba kama Buhaya, hata mtoto mdogo anautambua mkungu ulioshiba na ule uliokatwa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo sadaka ya mtu hupimwa na macho ya majirani kabla bei haijatajwa.

Utumishi wa mtu haupimiki kwa urahisi namna hiyo. Mtu aweza kuleta mkungu mnene kuliko yote, na moyo wake akauacha nyumbani. Aweza pia kushika cheo kanisani kwa miaka ishirini, akasimamia vikao na kukaa kiti cha mbele, na asiwe amemtumikia mtu yeyote ila nafsi yake. Ndiyo maana swali la utumishi unaokubalika mbele za Mungu ni la zamani kama habari ya Kaini na Abeli, ndugu wawili walioleta sadaka, mmoja akakubaliwa na mwingine akakataliwa. Nabii Malaki naye aliwakemea makuhani waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na vilema, ambao wasingethubutu kumpelekea mtawala wao.

Ndugu msomaji, swali hili si la mapadri na wachungaji peke yao. Linamhusu katekista wa kigango, mwinjilisti wa mtaa, mzee wa kanisa, mwanakwaya, mweka hazina, na mama anayefagia kanisa siku ya Jumamosi. Wilaya za Bukoba na Muleba zina historia ndefu ya utumishi wa namna hiyo, na historia hiyo ina mengi ya kutufundisha.

WALIOTANGULIA BILA MSHAHARA

Mara nyingi tunaposimulia habari za kuingia kwa Ukristo katika Buhaya tunaanza na wamisionari. Ni kweli kwamba Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi, karibu na mji wa Bukoba, mwaka 1892, na kwamba wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910. Lakini wale wa Bethel hawakukuta shamba tupu. Walikuta kikundi cha Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma na kuomba kutokana na Wakristo wa Uganda, na miongoni mwao alikuwapo Andrea Kajerero. Watu hao hawakuwa na mshahara wala jengo. Walikuwa na vitabu vichache na hamu ya kuwafundisha wenzao.

Mtihani wa utumishi wao ulikuja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Wajerumani walishindwa katika sehemu hizi, na wamisionari wao wakaondolewa. Kanisa changa la Kiinjili likabaki mikononi mwa walimu wenyeji. Hapakuwa na mkubwa wa kuwakagua wala wa kuwasifu. Kama wangelala hakuna ambaye angewafukuza kazi, na kama wangerudi kwenye vibanja vyao hakuna ambaye angewalaumu. Hata hivyo waliendelea kufundisha, kuzika na kuwakusanya watu kwa sala. Vita Kuu ya Pili ilipozuka na Wajerumani wakaondolewa tena, walimu wenyeji walikwisha kuizoea kazi hiyo, na baadaye wamisionari kutoka Sweden wakaja kusaidiana nao.

Hapa tunapata kipimo cha kwanza. Mtumishi wa moyo mzima hufanya kazi yake vilevile, akiwapo mkubwa au asiwepo. Mkulima wa migomba analijua jambo hili. Kibanja kinataka samadi na majani ya kufunika ardhi mwaka mzima, hata miezi ambayo hakuna mgeni anayepita kukitazama. Siku ya mavuno mkungu husema wenyewe kama kibanja kilitunzwa.

WAWILI WALIOPEWA HESHIMA KUBWA

Heshima nayo ni mtihani, pengine mgumu kuliko upweke. Bukoba na Muleba zimetoa watumishi wawili waliofikia vyeo ambavyo Mwafrika hakuwa amevifikia katika zama hizi.

Wa kwanza ni Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo tarehe 12 Julai 1912. Alibatizwa pamoja na wazazi wake mwaka 1921. Alisoma seminari ya Rubya, ambayo sasa imo wilayani Muleba, kisha seminari ya Katigondo nchini Uganda, na akapewa upadri mwezi Desemba 1943, akiwa na miaka 31. Alipata uaskofu huko Rutabo, Muleba, mwezi Februari 1952. Mwaka 1960 Papa Yohane wa 23 alimteua kuwa Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupata cheo hicho. Mwaka huohuo akawa Askofu wa Bukoba, na tangu 1962 hadi 1965 alikuwa miongoni mwa mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Wa pili ni Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Mwaka 1964 alimrithi Msweden Bengt Sundkler katika uaskofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Mwezi Juni 1977 mkutano mkuu wa Walutheri wa dunia ulifanyika Dar es Salaam, na hapo akachaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Yeye naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, na alikikalia hadi mwaka 1984.

Yafaa tutazame walivyozitumia heshima hizo. Kardinali Rugambwa hakubaki Roma kufurahia joho jekundu. Alirudi kwenye jimbo la wakulima wa kahawa na migomba, na mwaka 1968 alipopewa Jimbo Kuu la Dar es Salaam aliitumikia kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1992, muda wa miaka zaidi ya 23. Jina lake limebaki Bukoba katika Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Rugambwa. Alifariki dunia mwezi Desemba 1997 akazikwa Kashozi, na mwaka 2012, miaka mia moja baada ya kuzaliwa kwake, mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba.

Askofu Kibira naye alibeba kazi ya dunia nzima huku akiwa bado askofu wa Bukoba, mwenye sharika za kutembelea na watoto wa kipaimara wa kuwawekea mikono. Alilelewa katika Uamsho, ile harakati ya walokole iliyotoka Rwanda na Uganda ikaenea Buhaya, na yeye mwenyewe aliingia humo mwaka 1947. Katika Uamsho mtu aliyeokoka hakutakiwa kuimba tu. Alitakiwa kukiri hadharani, kurudisha alichoiba, kulipa deni na kupatana na jirani aliyemkosea. Imani iliingia mpaka ndani ya daftari la hesabu. Askofu Kibira alifariki dunia mwezi Julai 1988.

Kipimo cha pili basi ni hiki: cheo kikimfika mtumishi wa moyo mzima, kazi huongezeka na watu wa kwao hawapotei machoni pake. Kanisa lina hasara kubwa pale ambapo watu hugombea uzee wa kanisa kama wanavyogombea kiti cha biashara, kisha wakishakipata hawaonekani kwa mgonjwa wala kwa mjane.

SIKU NGUMU ZA NDOLAGE

Kipimo cha tatu kilikuja bila kubisha hodi. Mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage iliyoko Muleba, ambayo ni ya Kanisa la Kilutheri, walitambuliwa wagonjwa watatu ambao ndio wa kwanza kuripotiwa Tanzania kuwa na ugonjwa ambao baadaye tuliuita UKIMWI. Wananchi wa Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizovuma wakati huo katika biashara ya mpakani. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 ulionyesha kwamba mjini Bukoba karibu watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi, na katika Bukoba Vijijini na Muleba walikuwa 10 katika kila 100.

Hebu fikiria maana ya tarakimu hizo katika familia. Hapakuwa na ukoo usiozika. Vibanja viliota magugu kwa kukosa mikono ya kuvilima, na bibi wenye miaka 70 walianza upya kulea watoto wachanga. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, yaani miaka 21 baada ya wale wagonjwa watatu wa Ndolage. Katika miaka yote hiyo mtumishi wa Mungu hakuwa na cha kuahidi. Alikuwa na maji ya kumwogesha mgonjwa, uji wa kumnywesha, na uwezo wa kukaa kando ya kitanda chake.

Hapo ndipo utumishi ulipochujwa. Walikuwako waliohubiri kwamba ni adhabu, wakawaongezea wafiwa aibu juu ya msiba. Walikuwako walioogopa hata kuingia katika nyumba ya mgonjwa. Lakini walikuwako pia wauguzi wa Ndolage, Rubya na Kagondo walioendelea kuwahudumia wagonjwa wa ugonjwa usiokuwa na tiba. Walikuwako masista, makatekista na wake wa wachungaji waliopita nyumba kwa nyumba. Dayosisi ya Kilutheri ilianzisha Huduma ya Watoto, HUYAWA, kwa ajili ya yatima. Katika nyumba nyingi jirani Mkatoliki na jirani Mlutheri walibadilishana zamu kwa mgonjwa mmoja, na hakuna aliyemwuliza mgonjwa cheti chake cha ubatizo.

Elimu na uangalizi vilizaa matunda. Uchunguzi wa mjini Bukoba ulionyesha maambukizi yameshuka hadi watu wazima 18 katika 100 mwaka 1993, na 13 mwaka 1996. Sifa hizo si za makanisa peke yao. Ni za wataalamu wa afya na za wananchi waliokubali kubadili mwenendo. Hata hivyo, wale waliokaa kando ya vitanda walilinda kitu ambacho hakionekani katika tarakimu, nacho ni heshima ya binadamu mpaka pumzi yake ya mwisho.

Mwalimu Nyerere aligusa jambo hili mwaka 1970 alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaeleza kwamba Kanisa halina budi kuwa upande wa maskini na kushiriki katika kupinga hali zinazomdhalilisha binadamu, la sivyo litahesabiwa pamoja na dhuluma yenyewe. Vitanda vya Ndolage vilithibitisha maneno hayo, kwani hakuna aliyeweza kumwonyesha mgonjwa upendo wa Mungu akiwa amesimama nje ya mlango.

TUANZIE NYUMBANI

Je, haya yote yana maana gani kwa familia yetu? Kwanza, wazazi wakumbuke kwamba watoto hujifunza utumishi kwa kutazama. Baba anayewahi mazoezi ya kwaya kila jioni, hali mkewe mgonjwa anakwenda kisimani peke yake, anawafundisha watoto kwamba Mungu hukaa kanisani tu. Mama anayetuma chakula kwa jirani mgonjwa kabla ya kuwapakulia wa nyumbani amehubiri bila kufungua kinywa.

Pili, tupeleke kilicho bora. Kama wewe ni mwalimu wa mafundisho ya dini, andaa somo lako usiku wa Jumamosi kama unavyoandaa kazi unayolipwa. Kama u mweka hazina, hesabu za kanisa zisomwe hadharani, na kila shilingi ya ule mnada wa ndizi ijulikane ilikokwenda. Aliyeuleta mkungu huo pengine aliacha watoto wake wale viazi siku hiyo.

Tatu, tusichague wa kuwahudumia. Katika kila kijiji yuko mtu ambaye watu huikwepa njia ya nyumbani kwake: mzee anayesingiziwa uchawi, binti aliyezaa kabla ya ndoa, mlevi aliyeuza kibanja cha babaye, mgonjwa anayeishi na virusi. Ibada ya Jumapili hii ikiisha na mnada ukifungwa, chukua njia hiyo. Piga hodi, ukae, uulize kama maji yamechotwa na kama kuni zipo.